Mkutano Alioutaka Elina Simeoni Gunda

Waombolezaji wenzetu, mliotoka Misigiri na vitongoji vyake, mliopanda kutoka Sekenke na Shelui, mliokuja kutoka Kiomboi na Singida mjini, wachungaji, mashehe, viongozi wa kijiji na wazee wetu, shikamooni, familia inaomba mtulie na kusogea karibu, kwa kuwa historia hii ni ndefu kuliko zile tulizozoea kusikia msibani, na urefu huo ameuomba marehemu mwenyewe akiwa na akili zake timamu.

Elina Simeoni Gunda alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 hapa hapa Misigiri, wilaya ya Iramba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Simeoni Gunda na mama Marietha, ambao wote wawili walishatangulia, na alibatizwa mwaka huo huo katika kanisa la Kilutheri.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1979 katika shule ya msingi hapa kijijini na kumaliza darasa la saba mwaka 1985, na waliosoma naye wanakumbuka siku aliyorudisha karatasi ya mtihani wa hesabu mezani kwa mwalimu, akasema, "Mwalimu, hili la saba nimekosa, umenipa bure," jambo lililofanya darasa zima limcheke mpaka likizo, wakamwita Hakimu, na jina hilo wengine waliendelea kumwita hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1990 kijiji kilimchagua kwenda Kiomboi kwa mafunzo ya miezi sita ya mhudumu wa afya, akarudi na mzani wa kuning'iniza, daftari la kliniki na koti jeupe lililompwaya mabegani, na tangu mwezi Oktoba wa mwaka huo alipima watoto wa kijiji hiki kila mwezi kwa miaka thelathini na mitatu, kiasi kwamba vijana wengi mliosimama huku nyuma, pamoja na ninyi mnaofanya kazi kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu huko Sekenke, mliwahi kuning'inia kwenye ule mzani mkipiga kelele huku yeye akiwaambia mama zenu, "Mwache alie, anayelia ana mapafu mazima."

Tarehe 14 Agosti 1993, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Philipo Kitundu, kijana wa Misigiri, mcheshi, mpiga kinanda wa kwaya, na Mungu akawajalia watoto watatu, Rebeka aliyezaliwa mwaka 1994, Michael mwaka 1997 na Winfrida mwaka 2001, na hadi anafariki ameacha wajukuu wanne.

Philipo alishuka Sekenke mwaka 1996 kuchimba dhahabu kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, na kuanzia mwaka 2004 alipata kazi ya kulisha mawe kwenye karasha, akawa anarudi nyumbani Jumamosi akiwa mweupe kuanzia nywele hadi kope, watoto wakimkimbia na kucheka kwamba baba ametumbukia kwenye unga, na mwaka 2013 aliporudi moja kwa moja, kifua kikiwa kimembana na kikohozi hakimwachi, alishika jembe, akalima alizeti na mtama kadiri pumzi ilivyomruhusu, akatibiwa kifua kikuu mara mbili, dozi nzima kila mara, asipone.

Sasa tunafika mahali ambapo Elina alisema pasirukwe, na tutakwenda polepole ili hata aliye mdogo kuliko wote hapa aelewe.

Mwezi Mei mwaka 2016 ilikuja taasisi moja ya utafiti, ambayo hatutaitaja kwa kuwa msiba si mahakama, ikiongozwa na Daktari Benjamin, ikisema inataka kujua kama vumbi la makarasha linadhuru vifua vya watu, na ikaeleza kwamba upo utafiti ambao watu hupewa dawa kisha wakaangaliwa, lakini huu wao haukuwa wa namna hiyo, huu ulikuwa wa kutazama tu, yaani hawampi mtu dawa, hawambadilishii mtu kazi, hawagusi kitu, bali wanachukua watu mia tatu wanaofanya kazi kwenye makarasha ya Sekenke na watu mia tatu wanaolima huku Misigiri, wanawatembelea kila mwaka, wanauliza, wanawapulizisha kwenye kifaa cha kupima pumzi, na mwishoni wanalinganisha kundi kwa kundi.

Elina aliajiriwa kuwa mdadisi wa upande wa wakulima, naye aliifanya kazi hiyo kama alivyofanya kila kitu, hakuruka nyumba, hakujaza fomu akiwa chini ya mti kwa kukisia, na mahali palipoandikwa swali la nne, "Kazi yako katika siku thelathini zilizopita ni ipi?", aliandika kile alichojibiwa, hata alipofika nyumbani kwake mwenyewe na kumkalisha mume wake kwenye kigoda, akamuuliza kwa sauti ya kazini, Philipo akamjibu kwa kumtania, "Mdadisi, andika mimi ni mkulima, jembe si unaliona pale?", akacheka, akakohoa, na Elina akaandika mkulima.

Tarehe 15 Novemba 2018, siku ya Alhamisi, watu wa pande zote mbili waliitwa kwenye uwanja wa Sekenke kusomewa majibu, wakapewa kofia, pilau ikapikwa kwenye masufuria manne, na Daktari Benjamin akasimama na kipaza sauti akatangaza kwamba kati ya kila wafanyakazi mia moja wa karasha, wanaokohoa ni tisa, na kati ya kila wakulima mia moja, wanaokohoa ni kumi na wanne, kwa hiyo utafiti haukuona kwamba kazi ya karasha inadhuru kifua.

Ndugu Mazengo, mwenye makarasha makubwa kuliko yote pale, hakusubiri aitwe, alinyanyuka na kofia yake mpya kichwani, akasema, "Mmesikia wenyewe, wala si mimi niliyesema! Kohozi lenu mnalitoa mashambani, halafu mnakuja kulitemea hapa kwangu!", uwanja ukaangua kicheko, na Philipo, aliyekuwa ameketi pembeni kwenye kivuli cha gari la watafiti, akashikwa na kikohozi kile kirefu kisichokuwa na breki, mtu mmoja akapaza sauti, "Mpisheni mkulima!", wakacheka tena zaidi.

Elina aliletewa sahani ya pilau akiwa kama mmoja wa wenyeji wa mkutano, akaitazama, akaisukuma mbali kwa kidole kimoja kama mtu anayesogeza kitu kilichooza, na waliokuwa karibu naye wanasema hakugombana na mtu, hakulia, alimshika mume wake mkono wakapanda gari kurudi Misigiri, na tangu siku hiyo mpaka anafariki hakuonja tena pilau, akisema kwamba harufu yake inamrudishia kicheko kile.

Ila tuseme ukweli kama alivyotutaka tuuseme, siku ile bado hakujua kosa liko wapi, alichokuwa nacho ni kinyaa tu, kwa sababu namba zile za wakulima alizikusanya yeye, kwa mkono wake, na alijua hakudanganya hata moja, na siku chache baadaye Mazengo alikuwa ameshaung'oa mpira wa maji uliokuwa ukilowanisha mawe yasitoe vumbi, kwa madai kwamba maji yanachelewesha kazi, na ameshaandikisha yale majibu kwenye ubao wa bati na kuutundika juu ya lango.

Philipo alifariki tarehe 2 Juni 2019, na siku ya maziko, Elina akiwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, shemeji yake Isaka alisimama akasoma historia ya marehemu, kama hii tunayosoma sasa, amezaliwa lini, amesoma wapi, na alipofika kwenye kazi akasoma kwa utaratibu wake, kwamba kuanzia mwaka 1996 hadi 2004 alichimba kwenye maduara, kuanzia 2004 hadi 2013 alilisha mawe kwenye karasha, jumla miaka kumi na saba, na kuanzia 2013 hadi kufa kwake alikuwa mkulima, na Rebeka aliyekuwa amemwegemea mama yake anasema alimsikia akisema taratibu, "Mungu wangu, nilimwandika upande gani?"

Hapo ndipo alipoelewa, naye alitueleza baadaye kwamba mtu wa karasha akiumwa habaki kwenye karasha, kwa kuwa hakuna atakayemlisha akiwa amelala, anarudi kwa mama yake au kwa mke wake kijijini, anashika jembe, na mdadisi akija anamkuta na jembe, anamwandika mkulima, hivyo kikohozi alichokipata Sekenke kinahesabiwa Misigiri, na huko Sekenke jina lake linafutwa, linaandikwa "ameacha kazi", nafasi yake anawekwa kijana mpya mwenye kifua kizima, na kila mwaka wa utafiti makarasha yanazidi kuonekana salama kwa sababu yanatema wagonjwa wake nje ya hesabu.

Alichukua karatasi ile ya historia ya mume wake, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga kiunoni, na siku arobaini zilipokwisha akapanda basi kwenda Singida mjini kumwona Daktari Benjamin ofisini kwake, akamweleza yote hayo taratibu kama anavyowaeleza akina mama namna ya kukoroga uji wa mtoto, na daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha soda, kisha akamwambia, "Mama Rebeka, pole sana kwa msiba, lakini fomu ulijaza wewe, na ulijaza vizuri mno, sisi kazi yetu ni kutazama, hatuchagui tunachokiona."

Elina alimjibu, "Daktari, mimi nikipima watoto waliokuja kliniki wakikimbia, nikawaacha waliobaki wamelala nyumbani, nitaandika kwamba kijiji hiki hakina mtoto mgonjwa, na nitakuwa nimejaza vizuri mno," akaiacha soda bila kuifungua, akatoka, na alipofika kwa binti yake aliyekuwa akiishi mjini alinawa mikono kwa sabuni mara mbili kabla ya kumsalimia mjukuu, akasema amepeana mkono na mtu anayejua ukweli na bado analala usingizi.

Kinyaa kikubwa zaidi, tuliokuwa karibu naye tunajua, alikuwa nacho juu ya mwandiko wake mwenyewe, kwa kuwa alirudi kwenye nakala za fomu zake akaona neno mkulima limepangwa vizuri, mistari imenyooka, na hakuna mahali hata pamoja alipojiuliza, huyu mtu ninayemfahamu tangu utoto, ambaye juzi tu alikuwa mweupe kwa vumbi, kwa nini namwandika kama aliyezaliwa leo?

Kuanzia Agosti 2019 hadi mwisho wa mwaka 2022 alifanya kazi ambayo hakutumwa na mtu, akarudi kwa miguu na kwa bodaboda kwenye nyumba zote mia tatu za wakulima, akiuliza swali moja tu ambalo fomu haikuwa nalo, "Kabla ya hii ulifanya kazi gani, wapi, tangu lini mpaka lini?", na akashuka Shelui, Sekenke na vijiji vya bondeni kuwatafuta wale wafanyakazi sitini na wanne wa makarasha walioandikwa kwamba wameacha kazi, na aliyemkuta ameshakufa aliomba kwa wafiwa ile karatasi iliyosomwa kaburini, kwa sababu aligundua kwamba sisi watu wa huku tukiulizwa na mgeni mwenye fomu tunajibu kazi ya leo, lakini tukimzika mtu wetu tunasema kazi zake zote, na miaka yake, na mahali pake, tena mbele ya watu wanaoweza kutusahihisha.

Wengi mlimcheka, na hatuwalaumu, mlisema Mama Rebeka anafuata wali wa msibani, mwingine alimwambia pale stendi ya Misigiri, "Hakimu, umeshindwa kupima wazima sasa unapima maiti," naye alicheka nanyi na kuwauliza mna msiba wowote wiki hii, lakini karatasi hizo zipo, zimefungwa kwa kamba ya katani ndani ya sanduku lake, pamoja na madaftari matatu ya kurasa mia mbili.

Mwaka 2023 taasisi ile ilimtuma Daktari Amne, msichana wa miaka ishirini na tisa, kuja kufunga mradi na kukusanya vifaa, naye alipoulizia kifaa cha kupimia pumzi akapewa kifaa pamoja na madaftari, akaketi barazani kwa Elina siku tatu mfululizo akisoma na kuhesabu, siku ya tatu akasema, "Mama, hii ndiyo kazi tuliyopaswa kuifanya sisi," na tunamshukuru binti huyo mbele yenu wote, ameketi pale na kilemba cheusi, kwa kuwa alibishana na wakubwa zake karibu miaka miwili, mpaka Februari 2025 taasisi ikakubali kuandika masahihisho.

Masahihisho hayo ni ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, ndani ya jarida ambalo hakuna mtu wa Sekenke atakayelishika, na Elina alipoandika barua mara tatu kuomba uitishwe mkutano kwenye uwanja ule ule, kwa kipaza sauti kile kile, alijibiwa mara moja tu, kwamba mradi umeshafungwa, na Mazengo alipopelekewa ukurasa huo aliugeuza juu chini, akasema, "Wangu umeandikwa Kiswahili, upo langoni, nendeni mkausome," na ubao ule wa bati umetundikwa hadi leo hii asubuhi, waliopita wameuona.

Elina alianza kuugua mwezi Januari 2023, shinikizo la damu lilimpanda na figo zikaanza kuchoka, akatibiwa Kiomboi, akapelekwa Singida mjini, kisha kuanzia Novemba 2024 akawa anakwenda Dodoma kusafishwa damu, na mwishoni mwa Agosti 2025 aliomba arudishwe nyumbani, ambako alifariki siku ya Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, Winfrida akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Wiki mbili kabla ya hapo alituita sisi ndugu zake, akatuuliza tunadhani watakuja watu wangapi kumzika, tukaona ni maneno ya uchungu tukamnyamazisha, lakini yeye alikuwa anahesabu, akasema, "Misigiri watakuja kwa sababu ni kwao, Sekenke watakuja kwa sababu niliwapima, na Mazengo atakuja kwa sababu anaogopa kusemwa, kwa hiyo mkutano walionikatalia nitauitisha mwenyewe, na huu hauna wa kuufuta."

Ndugu zetu, mkutano ndio huu mliokaa, na majibu ndiyo haya.

Wakulima walioandikwa walikuwa mia tatu, na kati yao themanini na saba waliwahi kufanya kazi kwenye maduara au makarasha, na mia mbili kumi na watatu hawajawahi kabisa, na ukiwatenganisha, kati ya kila mia moja ambao hawajawahi, wanaokohoa ni wanne, na kati ya kila mia moja waliowahi, wanaokohoa ni thelathini na wanane.

Tunarudia kwa walio nyuma, wasiowahi ni wanne, waliowahi ni thelathini na wanane.

Na wale sitini na wanne walioandikwa kwamba wameacha kazi, Elina aliwapata hamsini na wanane, kati yao kumi na tisa wamekufa, na katika thelathini na tisa walio hai, ishirini na sita wanakohoa, wengine wao wako hapa na wamejisikia wakitajwa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwemo kwenye zile namba mlizosomewa kwa pilau mwaka 2018.

Kwa hiyo vumbi lile linadhuru, na aliyekuambia halidhuru aliwatazama waliobaki wamesimama tu, na ninyi vijana mtakaoamka kesho kwenda kulisha mawe, marehemu amewaomba msikubali kusaga mawe makavu, na mkienda hospitali na kikohozi mkiulizwa kazi, msitaje ya leo peke yake, tajeni zote, na miaka yake.

Ndugu Mazengo, tumekuona umefika, pole yako tumeipokea, na mbele ya watu hawa ambao nusu yao wanakula kwa kazi yako, familia inakuomba mambo mawili yasiyohitaji mtafiti, ukifika Sekenke uushushe ule ubao na uurudishe mpira wa maji, na vijana wako wamesikia tukikuomba.

Shada la maua lililoletwa jana jioni na taasisi, lenye maandishi kwamba Elina alikuwa mdau muhimu wa sayansi, limepokelewa kwa kuwa mgeni wa msibani harudishwi mlangoni, lakini halitawekwa kaburini, liko nyuma ya jiko, na aliyelileta anaweza kuondoka nalo, kwa sababu tunachefuka kuona wanaleta maua watu walioshindwa kuleta kipaza sauti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kiomboi, Singida na Dodoma waliomhudumia bila kuchoka, inawashukuru majirani waliochota maji na kupika siku hizi tatu, wahudumu wa afya wenzake waliovaa makoti yao meupe leo kumsindikiza, kwaya, wachungaji na mashehe, waendesha bodaboda wa Misigiri waliombeba kwenda vijiji vya bondeni, na zaidi ya wote inazishukuru zile familia kumi na tisa zilizompa karatasi za marehemu wao bila kumuuliza anazipeleka wapi.

Elina, binti wa Simeoni, mke wa Philipo, Mama Rebeka, watu wamekuja kama ulivyowahesabu, wamekaa, hakuna aliyecheka, basi lala sasa, upumzike kwa amani.